Santuri ya Kamina na teno wetu wa gereji

Mwaka ule tulipoamua kuimba Sanctus (Mtakatifu) ya Missa Luba, misa ya Kilatini iliyorekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya Kamina, Kongo, kwenye tamasha la kwaya za dekania, nilipata nota zake zilizochapwa Marekani, nikakesha usiku 2 nikizigeuza kuwa solfa, yaani do-re-mi, kwa sababu zaidi ya nusu ya kwaya yangu nota za mistari hawazisomi. Nikaziandika ubaoni kwa chaki, sauti zote 4, na juu kabisa mstari wa sauti ya pekee. Mstari huo nilimpa teno wetu mmoja (teno ni sauti ya juu ya kiume), mchana fundi gereji, jioni mwenye koo ambalo halijui kuchoka. Aliimba vipimo kama 4 hivi, vile vipande vidogo vya wimbo vinavyotengwa kwa mapigo, akanyamaza, akasogea karibu na ubao kama mtu anayesoma bei ya kitu asichokiamini.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtu hapa alikuwa anajipambia tu. Sasa mimi nijipambie vyangu, au nipambe kama alivyopamba yeye?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua ameuliza kitu ambacho sina jibu lake. Tamasha lilikwisha zamani. Swali lake bado ninalo. Ninaliandikia kisa hiki chote kwa sababu, kila ninapolirudia, naona ndilo swali hasa la rekodi hii maarufu kuliko zote za muziki mtakatifu zilizowahi kutoka eneo linalosema Kiswahili.

Wengi hawajui kuwa ni ya huku kwetu. Kamina iko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, na leo ndiyo makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Nyumbani watu wanasema Kiluba. Sokoni na stesheni, Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga ambacho mtu wa Tanga atakisikiliza akitabasamu lakini hatapotea. Ni mji wa reli. Njia ya kutoka Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, inapita hapo ikielekea Kasai. Karibu na mji Wabelgiji walikuwa wamejenga kambi kubwa ya kijeshi. Mji wa mafundi reli, askari, makarani na walimu, watu waliotoka sehemu mbalimbali kufuata mshahara. Hilo la watu kutoka sehemu mbalimbali lishike, tutalirudia.

Septemba 1953 Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, anakabidhiwa shule kuu ya Kamina. Ana miaka kama 32. Haipiti miezi mingi anaunda kwaya: wavulana wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14, na walimu 15 wa shule hiyo hiyo. Piga hesabu, ni watoto 3 kwa kila mwalimu. Jina walilopewa ni Les Troubadours du Roi Baudouin, yaani malenga wa Mfalme Baudouin, mfalme wa Ubelgiji wa wakati huo, ambaye mwaka 1955 aliitembelea Kongo na kushangiliwa kila alikopita. Jina hilo peke yake linakueleza ni enzi gani. Mtoto wa Kiluba wa miaka 10 anaimba kwa jina la mfalme ambaye nchi yake inamtawala.

Uwiano ule wa watoto na walimu si jambo dogo, na mwalimu yeyote wa kwaya atanielewa. Kwaya ya watoto watupu hupanda juu ikakosa miguu. Kwaya ya wanaume watupu ina miguu, haina dari. Hapa sauti za juu ni za wavulana ambao bado hawajavunja sauti, na chini yao wamesimama walimu wao wa darasani, watu wanaowajua kwa majina na kwa viboko. Ukisikiliza rekodi utasikia jinsi watoto wanavyoingia bila woga: mtu anayewaanzishia wimbo ndiye anayewafundisha hesabu Jumatatu. Mwimbaji wa pekee anayetajwa kwa jina ni Joachim Ngoi, mmoja wa walimu hao.

Sasa misa yenyewe. Maneno yalikuwa ya Kilatini na hayakuwa na mjadala: kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Misa ya kuimbwa ni Kilatini, basi. Mlango uliokuwa wazi kidogo ni wa muziki. Waraka wa Papa Pius XII kuhusu muziki mtakatifu, wa tarehe 25 Desemba 1955, ulitambua vipaji vya kuimba vya watu wa nchi za misioni na kuwahimiza wamisionari wavitumie. Kwa hiyo sehemu za Misa zinazoimbwa, Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Benedictus, Agnus Dei, maneno yale yale ambayo Palestrina, mtunzi wa karne ya 16, aliyaimbisha Roma, yakaletwa mbele ya walimu na wanafunzi wa Kamina.

Haazen hakukaa mezani na kalamu. Kadiri njia hiyo ilivyoelezwa, wanakwaya walichukua miundo ya nyimbo wanazozijua za nyumbani, wakaimba maneno ya Kilatini juu yake, mmoja akianzisha, wengine wakiitikia, wakijaribu, wakiacha, wakishika kilichokaa vizuri. Maelezo yaliyoambatana na santuri yalijivunia jambo hili: hakuna nota iliyoandikwa. Tarehe 23 Machi 1958, Jumapili, wiki 2 kabla ya Pasaka, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo pale Kamina.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo ufundi ulipo.

Kyrie imejengwa juu ya kasala. Kasala ni utenzi wa Waluba wa kuwaita watu kwa majina na sifa zao, nao una nafasi kubwa msibani: mwombolezaji humwita marehemu, baba yake, babu yake, matendo yake, mpaka waliokaa chini wote wanalia. Kwa Mswahili, waza sauti ya mama mkubwa wa ukoo usiku wa pili wa matanga, pale kilio cha kwanza kimekwisha na kinachobaki ni kusimulia kwa kuimba. Sasa weka maneno "Kyrie eleison" ndani ya sauti hiyo. Kwenye misa za Ulaya nilizojifunza mimi, Bwana utuhurumie huombwa kwa unyenyekevu, kichwa kimeinama. Kwenye Missa Luba mwanzishaji anaita. Anamwita Mungu kama mtu anavyomwita aliyeondoka, kwa jina, akitegemea kujibiwa. Kwaya inajibu kwa mkupuo, sauti zikisafiri sambamba, na ngoma inatembea chini bila haraka.

Halafu Sanctus, ile iliyotutoa jasho. Msingi wake ni wimbo wa kuaga. Nilipolijua hili ndipo nilipoelewa kwa nini sehemu hii, ambayo kwa kawaida hupigwa kwa shangwe na kengele, hapa inaanza polepole, karibu na huzuni. Mtu anaagwa. Wamemsindikiza hadi mwisho wa kijiji, wamesimama, hakuna anayetaka kugeuka kwanza. "Mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu." Kisha inaingia Hosanna, na Hosanna imechukuliwa kwenye mdundo wa ngoma ya kuchezwa ya Kasai, na ghafla watu wale wale waliokuwa wamesimama njia panda wanaruka. Mgeuko huo unachukua pumzi moja. Sanctus yote ni fupi kuliko matangazo ya parokia, na misa nzima haifiki dakika 20.

Credo, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote na yenye maneno mengi, naipita. Ina sehemu nzuri, lakini Nasadiki ni Nasadiki, na hata Kamina haikuweza kuikwepa kazi ya kusukuma maneno mengi yaishe.

Agnus Dei, Mwanakondoo wa Mungu, imetoka kwa Bena Lulua, kwenye wimbo wa eneo la Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga. Hapo ndipo lile jambo la reli linaporudi. Missa Luba ina jina la kabila moja, lakini ukiichambua ni misa ya abiria. Kuna Waluba wa Katanga, wanaosema Kiluba, na Waluba wa Kasai, wanaosema Tshiluba, lugha ndugu lakini mbili. Kuna Bena Lulua, jirani zao. Watu wa Kasai walikuwa wameshuka kwa maelfu kuja Katanga kufanya kazi migodini na kwenye reli, na Kamina iko kwenye njia hiyo hiyo. Wimbo wa Kananga kuimbwa Kamina si muujiza, ulipanda treni.

Mwaka mmoja tu baada ya rekodi, 1959, Waluba na Walulua walipigana Kasai, nyumba zikachomwa, maelfu ya watu wakakimbia. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitangaza nchi, wimbo wake wa taifa ukiwa umetungwa na Joseph Kiwele, mwanamuziki wa Katanga na mtu wa kanisa. Waluba wa kaskazini ya Katanga wakaikataa serikali hiyo, damu ikamwagika. Kwa hiyo unaposikia Kyrie ya kasala ikifuatwa mwishoni na Agnus Dei ya Bena Lulua, "dona nobis pacem", utupe amani, unasikia watu wanaoimba pamoja mwaka mmoja kabla ya ndugu zao kushikiana mapanga. Wao hawakujua. Mimi najua, na kwa hiyo siwezi kuisikiliza Agnus Dei ile kama walivyoiimba.

Kuna jambo la lugha ambalo sijawahi kulisoma popote likielezwa kwa watu wa kwaya, nami nalileta kwa sababu linaeleza kwa nini misa hii ilitoka huru namna ile. Kiluba na Tshiluba ni lugha za toni. Silabi ikipanda au kushuka, maana inabadilika. Ukichukua tenzi ya Kijerumani, yenye njia yake ya kupanda na kushuka, ukaipachika maneno ya lugha ya toni, unaweza kusema kitu ambacho hukukusudia, na waumini wakajiuma midomo. Sisi wa Kiswahili hatuna taabu hiyo, ndiyo maana nyimbo za Kizungu zimekaa kwetu bila kelele, labda hata kupita kiasi. Kwa Waluba, mtungaji makini anafungwa na maneno: njia ya wimbo lazima ifuate njia ya usemi. Kilatini kiliwafungua kamba. Hakuna toni ya kulinda. Wangeweza kuchukua njia ya kasala nzima nzima, wakaijaza "eleison", na hakuna maana iliyoharibika. Watu husema Kilatini kiliubana muziki wa Afrika, na kwa jumla ni kweli. Hapa, kwa bahati, kilifanya kinyume.

Mwaka huo huo wa 1958 kwaya ikaenda Ulaya: Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani. Wakaimba kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Brussels, Expo 58. Katika maonyesho hayo hayo, kwenye eneo la koloni, Wabelgiji walijenga kijiji cha Kikongo, wakaweka ndani wanaume, wanawake na watoto wakifanya kazi za mikono, nyuma ya uzio wa mianzi, na watazamaji wakiwatupia sarafu na ndizi. Wakongo wale walichoka na dharau, wakarudi kwao kabla maonyesho hayajafungwa. Nikiitazama picha ya wavulana wa kwaya naufikiria uzio huo. Mtazamaji aliweza kutoka kwenye uzio, akapita kununua kinywaji, akaenda kukaa kimya kusikiliza Sanctus, akafuta chozi. Sidhani kama aliona tatizo.

Mwaka huo pia ikarekodiwa, kwa kampuni ya Philips. Upande mmoja wa santuri ni misa, upande wa pili ni nyimbo za kienyeji: za harusi, za kazi, za kutoka msibani, na wimbo wa askari uitwao Banaha, ambao leo watoto wa shule Uingereza na Marekani wanauimba kambini bila kujua umetoka wapi.

Sasa turudi kwa fundi wangu wa gereji.

Kitu kinachotungwa kwa kuimbwa hakina toleo moja. Jumapili hii mwanzishaji ameamka vizuri, anapanda; Jumapili ijayo ana mafua, anapita chini. Kwaya inamfuata. Sogora wa ngoma anafanya hivyo hivyo, na manju wa Kisukuma naye, na hakuna anayewauliza kwa nini leo si kama jana. Siku ya kurekodi Ngoi aliimba alivyoimba siku hiyo, mashine ikazungushwa, santuri ikakatwa. Kuanzia hapo, alivyoimba siku hiyo ndiyo ikawa Missa Luba. Wimbo uliokuwa kama mto ukawa barafu, barafu nzuri sana, unaiona kila tone lilipoganda.

Kisha hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi. Miaka ya 1960 ikachapishwa katika nota Marekani, kwa kwaya ya sauti mchanganyiko, teno wa pekee na ngoma, jina la Haazen likiwa juu. Mtu akakaa, akasikiliza, akaandika. Pambo alilolitia Ngoi kwa sababu pumzi ilikuwa imebaki likawa nota ndogo zenye mikia, zenye thamani kamili. Na tangu hapo, mahali popote duniani, teno aliyevaa suti nyeusi anafungua kitabu na kujifunza kwa taabu kuimba kama mtu ambaye hakuwa anajifunza. Mimi nilifanya hivyo hivyo ubaoni, kwa chaki, kwa solfa. Fundi gereji aliliona hilo kwa vipimo 4.

Na ni ya nani? Kwetu, karatasi ya wimbo wa kwaya huwa na jina la mtunzi juu kulia, pamoja na tarehe na mara nyingi mahali, na mtunzi hulitetea jina hilo kuliko shamba. Kwa Missa Luba jina lililobaki ni la padre. Simshambulii. Marehemu, aliyefariki 2004, alifanya kazi ambayo wengi wa enzi yake hawakuifanya: aliwasikiliza, alichagua, aliwazuia wasiimbe kama Wazungu wakati wengi waliwahimiza waimbe kama Wazungu. Hiyo ni kazi, na ni ya kulipwa heshima. Lakini ukisema misa haikuandikwa na mtu, kisha ukaandika jina la mtu, umesema mambo 2 yasiyoweza kukaa kiti kimoja. Mimi ningemwita mhariri. Mtunzi ni wale 15 na wale 45, na nyuma yao wanawake wa Kasai walioimba kasala kabla ya kinasa sauti chochote. Sheria za hakimiliki za wakati huo, na nyingi za leo pia, hupata taabu kuwaandika watu kama hao. Zinapenda jina moja na sahihi.

Mambo mengine yaliyoipata santuri hiyo nayataja haraka. Mwaka 1964 Pasolini, mwongozaji filamu wa Italia, alitumia Gloria yake katika filamu yake juu ya Injili ya Mathayo, na hapo nadhani ilitulia: Yesu maskini, mawe, vumbi, na sauti za watoto wa Kamina. Mwaka 1968 Lindsay Anderson, mwongozaji wa Uingereza, aliitumia Sanctus katika filamu ya If...., juu ya wanafunzi wa shule ya bweni ya Kiingereza wanaoasi, na mhusika wake mkuu anaipiga santuri hiyo chumbani kama mtu anayevuta pumzi ya nchi isiyo na wakuu wa shule. Kilichofuata kinachekesha: mwaka 1969 Sanctus ikaingia katika orodha ya nyimbo zinazonunuliwa zaidi Uingereza, ikafika namba 28. Wimbo wa kuaga wa Waluba, wenye maneno ya altareni, uliorekodiwa na watoto wa shule ya misioni, ukawa wimbo wa vijana wasiotaka misa wala shule.

Rekodi ya pili inayotuhusu ni ya 1990. Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi misa nzima upya, tena kwa Philips, pamoja na nyimbo za kienyeji za Kenya. Hii ndiyo niliyoanza nayo mimi, na kwa muda mrefu nilidhani ndiyo yenyewe. Ni kwaya ya watu wazima, wanawake kwa wanaume. Sauti ni safi, ngoma zimekaa mahali pake, kila neno la Kilatini unalisikia. Ukinipa kwaya ya kupeleka mashindanoni nitakuomba unipe hiyo.

Lakini ziweke 2 pamoja, usiku, bila mtu wa kukusumbua. Kwenye ya 1958 wavulana hawatui pamoja kila mara. Kuna mmoja anayechelewa kidogo, sauti yake inaning'inia nusu pumzi baada ya wenzake kunyamaza. Mahali pengine mwanzishaji anaingia kabla kwaya haijamaliza, kama mzee asiyesubiri zamu. Kwenye ya Muungano hakuna aliyechelewa na hakuna aliyewahi. Wanaimba vizuri kuliko wale wa Kamina, lakini wanaimba wimbo uliokwisha kutungwa. Wale wa 1958 walikuwa bado wanautunga. Tofauti hiyo huwezi kuiandika kwenye nota hata ukitumia kalamu ya rangi 2. Na si kosa la Mganga wala la waimbaji wake. Mtu anayepokea kitu kutoka kwenye santuri anapokea kitu kilichokwisha.

Nimewahi kusimama studio na kwaya yangu mara 3, na kila mara fundi wa sauti aliniuliza swali moja: turekodi sauti moja moja, kila mmoja na kipokea sauti chake, halafu tuzipange, au muimbe kwa pamoja? Ya kwanza ni rahisi kusahihisha. Besi akikosea anarudia yeye peke yake, wengine wanakunywa chai. Tumefanya hivyo mara 2 na kanda zikatoka safi kama nguo ya dobi. Mara ya tatu, kwa nyimbo za Kwaresima, tuliimba kwa pamoja, kanisani, usiku wa manane ili magari yapungue, na kwenye wimbo wa nne mbwa wa jirani alibweka. Tulimwacha. Wimbo ule ndio watu wanaouomba.

Nilipomaliza kuyapanga haya kichwani, wiki ilikuwa imebaki 1 kabla ya tamasha. Nikamwambia yule teno afute mstari wake wa juu ubaoni, na alifuta mwenyewe, kwa kiganja. Nikampa kitu 1 tu cha kushika: huu ni wimbo wa kuaga. Muage mtu. Hakuniuliza nani. Miezi michache kabla alikuwa amemzika kaka yake aliyekuwa akiimba naye safu moja, na wote tulilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Sitajaribu kueleza alichoimba. Naweza kusema kuna mahali waimbaji wa sauti ya kwanza walichelewa kumwitikia, kwa sababu walikuwa wanamsikiliza, na kwamba Hosanna ilipoingia ngoma ilikuwa imetangulia kidogo, na nikaiacha itangulie.

Majaji walitupa nafasi ya 5 kati ya kwaya 9. Kwenye karatasi ya alama, chini ya kichwa cha usahihi, jaji mmoja aliandika kwa wino mwekundu: "Teno ameacha nota kuanzia kipimo cha 3, na hakurudi." Fundi aliniomba karatasi ile. Ameibandika gereji, juu ya meza ya spana, pembeni ya kalenda ya kampuni ya matairi.